Waya Umechomekwa, Intaneti Hakuna: Mwongozo Kamili kwa Mgeni wa Linux

Anayehama Windows kwenda Linux hapa Dar huhama na mazoea yake, na zoea linalomgharimu zaidi ni lile la "ikisumbua, piga upya", yaani kufuta na kuweka mfumo wote upya. Kwa intaneti ya waya, kupiga upya ni kupoteza jioni nzima bure. Linux haifichi ilipokwama. Ukiiuliza kwa mpangilio, itakuonyesha kama shida iko kwenye waya, kwenye kadi ya mtandao, kwenye ruta, kwa kampuni inayokuuzia intaneti, au kwenye brauza peke yake. Mpangilio wenyewe ni wa kutoka chini kwenda juu, na usiruke hatua hata ukiwa na uhakika wa chanzo.

Mifano yangu ni ya Ubuntu na Linux Mint, maana huko ndiko wageni wengi huanzia, lakini karibu amri zote zinafanya kazi Debian na Fedora pia. Fungua taminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Andika amri kama ilivyo: herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, na nafasi zina maana. Amri ikianza na `sudo` utaulizwa nenosiri, na huenda usione hata nyota unapoliandika. Haijaganda, maliza kuandika, gonga Enter.

Kwanza, njia ya akiba

Kabla ya kugusa chochote, tafuta intaneti ya kuazima. Simu ya Android inatosha. Ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu sehemu ya kugawa intaneti, washa ile ya USB. Linux huichukulia simu kama kadi ya mtandao wa waya, na kwa kawaida haihitaji draiva (programu ya kuendesha kifaa) yoyote ya ziada.

Hii inakupa vitu viwili. Cha kwanza ni mahali pa kusomea na kushushia draiva ikibidi. Cha pili ni jibu: kama brauza inafungua kurasa kupitia simu, basi sehemu kubwa ya mfumo wako ni nzima, na mbaya wako yuko kwenye waya, kadi au ruta.

Tahadhari mbili. Usibonyeze kitufe cha kusasisha mfumo ukiwa kwenye bando la simu, kwa sababu masasisho ya Ubuntu iliyowekwa karibuni yanaweza kula mamia ya megabaiti. Na ukirudi kupima waya, chomoa simu na zima Wi-Fi. La sivyo utapima njia ya simu huku ukidhani unapima waya, na majibu yatakuchanganya.

Taa na waya

Tazama tundu la mtandao nyuma ya kompyuta au ubavuni mwa laptopu. Mengi yana taa mbili ndogo. Waya ukiwa mzima, moja huwaka na nyingine hupepesa. Zikiwa zimezima zote, usifungue taminali bado.

Sukuma plagi mpaka isikike "ta!". Kile kishikizo cha plastiki kikikatika, plagi huonekana imekaa kumbe imelegea. Jaribu tundu lingine la ruta, ila liwe katika yale yaliyoandikwa LAN. Lile la WAN, mara nyingi la rangi tofauti, ni la kuleta intaneti kwenye ruta na si la kompyuta. Kisha jaribu waya mwingine. Kama kuna laptopu nyingine, ichomeke kwenye waya huohuo: ikipata intaneti, umeokoa nusu ya kazi.

Kama nyumbani kuna faiba, angalia kile kiboksi ambacho uzi wa faiba unaingia. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki: uzi umekatika, umepinda kupita kiasi au tatizo liko nje kwenye nguzo. Hakuna amri ya Linux itakayoponya hilo. Pigia kampuni.

Pwani yetu nayo ina yake. Nyumba za Kigamboni, Msasani na Kunduchi hupigwa na hewa yenye chumvi, na pini za shaba zinashika kutu ya kijani. Spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme na kiburashi laini vinatosha, kompyuta ikiwa imezimwa. Katika nyumba za ghorofa, waya uliopitishwa dirishani ukabanwa na kioo au nondo hukatika kwa ndani bila gamba kuonyesha dalili.

Ukienda Kariakoo kununua waya, omba Cat5e au Cat6 wa shaba tupu. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu. Ni nyepesi, rahisi bei, na hukatika upesi zikipindwa. Kwangua ncha kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini. Fundi akikubania plagi, mwambie afuate mpangilio wa T568B pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Na waya mmoja usizidi mita 100.

Je, Linux inaiona kadi?

Sasa taminali:

`ip link`

Utaona orodha. `lo` ni ya kompyuta kujiongelea yenyewe, iache. Jina linaloanza na `wl` ni Wi-Fi. La waya huanza na `en`: `enp3s0`, `eno1`, au `enx` ikifuatwa na herufi nyingi kama ni adapta ya USB. Mashine nyingine bado hutumia `eth0` la zamani. Majina haya marefu yalianza kuenea mwaka 2013, na yanatokana na mahali kadi ilipokaa kwenye mashine, ili jina lisibadilike ovyo ukiongeza kadi nyingine. Katika mwongozo huu nitaandika `enp3s0`. Wewe weka la kwako.

Kama hakuna jina lolote la waya, uliza hivi:

`lspci -nnk | grep -iA3 ethernet`

Ukiona jina la kadi pamoja na mstari wa `Kernel driver in use`, draiva ipo. Kadi nyingi za Realtek hutumia `r8169`, na za Intel mara nyingi `e1000e`. Kadi ikionekana lakini mstari huo haupo, draiva imekosekana. Mara nyingi tiba ni kuweka toleo jipya zaidi la mfumo, si kusaka faili mitandaoni. Kadi isipoonekana kabisa, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Linux haijawaka, utazame kama imezimwa. Mashine za ofisi zilizotumika, ambazo ndizo wengi wetu tunanunua, hufika zikiwa na mipangilio ya ajabu iliyoachwa na mwenye nazo wa zamani.

Hapa nitulie kidogo, maana kuna mtego unaowanasa hasa waliobakiza Windows pembeni. Windows 10 na 11, ukibonyeza kuzima, mara nyingi haizimi kikamilifu. Inalala nusu ili iwake haraka kesho, na inaweza kuiacha kadi ya mtandao katika usingizi ambao Linux hushindwa kuiamsha. Utaona Windows ina intaneti na Linux haina, kwa waya uleule, nawe utailaumu Linux. Washa Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

`powercfg /h off`

Zima mashine kawaida. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde thelathini hivi ili chaji iliyobaki iishe, kisha washa moja kwa moja kuingia Linux. Ujue tu kwamba amri hiyo inaondoa pia uwezo wa Windows kulala kwa kuhifadhi kazi kwenye diski.

Kama kadi imeungua, na umeme unaorudi kwa kishindo au radi za masika huziunguza kweli, usihangaike na ubao wa mashine. Nunua adapta ya USB. Zenye chipu ya RTL8153 au AX88179 zinatambuliwa na Linux bila kusakinisha kitu. Dukani muulize muuzaji chipu, si rangi ya boksi.

Je, kuna mawasiliano kwenye waya?

Rudi kwenye majibu ya `ip link` na usome mstari wa kadi yako. `NO-CARRIER` maana yake kadi iko macho lakini hakuna mtu upande wa pili: rudi kwenye waya. `LOWER_UP` pamoja na `state UP` ni salama. `state DOWN` bila `NO-CARRIER` ni kadi iliyozimwa tu, iwashe:

`sudo ip link set enp3s0 up`

Spidi nayo inasimulia mengi:

`sudo ethtool enp3s0`

Tafuta mstari wa `Speed`. Kama ruta na kadi zote ni za gigabiti lakini unaona `100Mb/s`, waya una kasoro. Spidi ya 100 inahitaji jozi mbili tu za nyuzi, ile ya 1000 inataka zote nne. Jozi moja ikikatika, vifaa vinaweza kushuka kimyakimya bila kukata mawasiliano. Lakini kama kifurushi chako ni cha Mbps 20, usipoteze nauli kwenda kubadilisha waya kwa sababu hiyo pekee.

Je, umepewa anwani?

`ip -br addr`

Ukiona namba inayoanza na `192.168.` au `10.` mbele ya kadi yako, ruta imekupa anwani. Ukiona `169.254.`, kompyuta imejipangia yenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Usipoona namba kabisa, endelea na:

`nmcli device`

Safu ya hali (`STATE`) ndiyo yenye habari. `unavailable` mara nyingi ni waya, rudi nyuma. `disconnected` unaitibu kwa `nmcli device connect enp3s0`. Ukiona `unmanaged`, NetworkManager, yaani huduma ya Linux inayosimamia mitandao, imeambiwa isiiguse kadi hiyo. Kwenye Debian chanzo cha kawaida ni faili la `/etc/network/interfaces` kutaja kadi hiyo. Lifungue kwa `sudo nano`, weka alama ya `#` mwanzoni mwa mistari inayoitaja, kisha:

`sudo systemctl restart NetworkManager`

Kama inakaa ikisema inaomba anwani na haifiki popote, zima ruta, hesabu mpaka kumi, iwashe. Ikishindikana, angalia kama kuna mtu aliyepanga anwani kwa mkono. Hostelini na maofisini ni jambo la kawaida. Tazama jina la muunganisho kwa `nmcli con show`. Mara nyingi ni "Wired connection 1". Kisha urudishe kwenye hali ya kujipokelea:

`nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.method auto ipv4.addresses "" ipv4.gateway ""`

`nmcli con up "Wired connection 1"`

Lakini kama ni ofisini, muulize kwanza mtu wa IT. Huenda anwani ile iliwekwa kwa makusudi.

Sasa lile la nyumba za kupanga. Wapangaji wanachangia ruta moja, waya zinapita kwenye swichi (kiboksi cha kugawa waya mmoja kwa wengi), kila chumba na waya wake. Halafu jirani analeta ruta yake ili apate Wi-Fi chumbani, na waya wa swichi anauchomeka kwenye tundu la LAN badala ya WAN. Kuanzia hapo nyumba ina ruta mbili zinazogawa anwani, na anayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa. Dalili yake: leo una intaneti, kesho huna, na anwani yako imeruka kutoka `192.168.1.` kwenda `192.168.0.` bila wewe kugusa kitu. Dawa si ya taminali. Mgongee jirani mlango, ahamishe waya kwenda WAN, ama azime ugawaji wa anwani kwenye ruta yake.

Na kama hutumii ruta, waya wa kampuni unaingia moja kwa moja kwenye kompyuta, uliza kama huduma yao inatumia PPPoE, yaani kuingia mtandaoni kwa jina na nenosiri. Ikiwa ndiyo, watakupa jina na nenosiri, nawe utatengeneza muunganisho wa aina hiyo:

`nmcli con add type pppoe con-name nyumbani ifname enp3s0 username JINA password SIRI`

Kampuni nyingine hufunga huduma kwa namba ya MAC, yaani utambulisho wa kadi ya mtandao, ya kifaa cha kwanza kilichounganishwa. Ukibadilisha kompyuta, unakosa intaneti ingawa waya ni mzima. Wapigie wakubadilishie.

Mlango, nje, jina

Anwani ipo. Sasa fuata njia kama fundi bomba anayeanzia mita kuja bombani. Kwanza, mlango wako ni upi?

`ip route`

Mstari unaoanza na `default via` una namba ya ruta, tuseme `192.168.1.1`. Igongee:

`ping -c 4 192.168.1.1`

Zikirudi zote nne, wewe na ruta mnaelewana. Zikirudi mbili, ni waya au swichi. Ukiona mistari miwili ya `default`, soma `metric`: yenye namba ndogo ndiyo inayotumika. NetworkManager hupa waya 100 na Wi-Fi 600, kwa hiyo waya uliokufa nje unaweza kuiziba Wi-Fi iliyo hai. Ukikuta 20100, NetworkManager yenyewe imeshagundua kwamba waya ule hautoki nje, ikausukuma nyuma.

Toka nje, kwa kugonga anwani iliyo huko kwenye intaneti:

`ping -c 4 1.1.1.1`

Ruta inajibu na nje hakujibu? Hapo hatia si ya Linux tena. Angalia kama malipo ya mwezi yameisha, kisha taa za kiboksi cha faiba, kisha wapigie.

Wakati mwingine tatizo liko mbali zaidi ya kampuni yako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja upande wa kusini kuelekea Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Nyaya zote mbili zinatua hapa Dar. Siku ya namna hiyo, tovuti iliyohifadhiwa humuhumu nchini inaweza kufunguka huku za nje zikigoma, kwa hiyo jaribu ya hapa na ya nje kabla ya kufungua kompyuta kwa bisibisi.

Mwisho, jina:

`ping -c 4 wikipedia.org`

Kama `1.1.1.1` ilijibu lakini hapa unaambiwa `Temporary failure in name resolution`, umekosa DNS, yaani huduma inayogeuza jina kuwa namba. Hii ni kesi rahisi kuliko zote, na ndiyo inayowatisha wengi, kwa sababu machoni inaonekana kama intaneti imekufa kabisa. Tazama nani anakuhudumia kwa `resolvectl status`, kisha weka wengine:

`nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes`

`nmcli con up "Wired connection 1"`

Usihariri `/etc/resolv.conf` kwa mkono hata ukishauriwa. Kwenye mifumo hii faili hilo hujiandika upya, na hiyo `127.0.0.53` utakayoikuta ndani yake kwenye Ubuntu si kosa. Ni huduma ya humohumo kwenye kompyuta yako.

Ping zinapita, brauza inagoma

Angalia saa. Sitanii. Mashine zilizotumika hufika na betri ndogo ya ubao, CR2032, ikiwa imekufa. Umeme ukikatika, tarehe inarudi miaka mingi nyuma, na brauza inazikataa tovuti zote ikidai si salama kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika.

`timedatectl`

Tarehe ikiwa mbovu, weka hivi, kisha nunua betri:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

`sudo timedatectl set-ntp true`

Kama saa haijisahihishi ndani ya dakika chache, ipange mwenyewe kwenye mipangilio ya tarehe.

Saa ikiwa sawa, tazama proksi na VPN (njia za kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) ulizowahi kuweka, uzizime. Bado? Kama kurasa nyepesi zinafunguka na nzito zinakwama katikati, na unatumia PPPoE, shuku ukubwa wa pakiti, yaani vipande ambavyo data husafirishwa ndani yake:

`ping -c 4 -M do -s 1464 1.1.1.1`

PPPoE hubeba pakiti za hadi baiti 1492, na ukiondoa 28 za vichwa vya pakiti unabaki na 1464. Ikigoma hapo, punguza namba mpaka ipite, ongeza 28, uweke jumla hiyo kama MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) kwenye mipangilio ya muunganisho.

Ukiomba msaada

Usiandike "net haishiki". Tuma jina na toleo la Linux yako, majibu ya `ip -br addr`, `ip route` na `nmcli device`, pamoja na haya:

`journalctl -u NetworkManager -b --no-pager | tail -50`

Funika namba za MAC kabla ya kutuma. Na ukimpigia mhudumu wa kampuni, usianze kwa kusema unatumia Linux, ataishia hapo. Mwambie taa ya LOS ina rangi gani, ruta inajibu ping, na `1.1.1.1` haijibu. Akisema uzime ruta na kuiwasha, mwambie umeshafanya, na umwombe namba ya tiketi.